Olaparib wiki ya tano: kichefuchefu hakiishi na HB (kiwango cha damu) imeshuka hadi 8.6, tufanyeje?

Mlezi_Nansio

Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua tiba hii kwa undani.

Mgonjwa ni mama wa miaka 61, saratani ya ovari. Amemaliza mizunguko 6 ya kemo, uvimbe ukaitikia vizuri, akaanzishwa olaparib (dawa ya saratani ya kumeza) 300 mg mara mbili kwa siku: vidonge 2 vya 150 asubuhi na 2 usiku. Sasa ni wiki ya tano. Anakaa kisiwani Ukerewe, kliniki yake ni hospitali ya Bugando, Mwanza.

Kichefuchefu humjia muda mfupi baada ya dozi ya asubuhi, na kwa wiki anatapika mara mbili au tatu. Mdomoni anasikia ladha ya chuma, dagaa hataki hata kunusa. FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) ya juzi: HB 8.6 (kabla ya kuanza ilikuwa 11.4), chembe nyeupe 3.9, chembe sahani 168. Kliniki ni baada ya siku 9. Ndugu wanashauri ameze kidonge kimoja kimoja mpaka siku hiyo. Ni sawa?

Nesi_Kirumba

Pole sana kwa mama. Nianzie hapo mwisho: hapana, msipunguze wenyewe. Kupunguza dozi si kosa wala si dalili kwamba tiba imeshindwa. Wagonjwa wengi hupunguziwa na wanaendelea vizuri. Lakini kuna ngazi zake: kutoka 300 hushushwa 250 mara mbili, ikibidi 200 mara mbili. Anayeamua ni daktari mwenye majibu ya damu mkononi. Na msisubiri siku 9. HB kushuka karibu gramu 3 ndani ya wiki tano ni sababu tosha ya kupiga simu kliniki kesho asubuhi.

Kichefuchefu: dawa hii inafyonzwa vizuri hata akila, kwa hiyo hakuna faida ya kuimeza tumbo likiwa tupu. Wengi huimeza mara tu wakiamka, na chai ya rangi kavu. Hapo ndipo tumbo linapochafuka. Mpeni uji mwepesi wa ulezi nusu kikombe au vipande viwili vya matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa), apumzike nusu saa, ndipo ameze. Saa moja asubuhi na saa moja usiku, kila siku hivyo hivyo. Asilale chali baada ya kumeza, akae ameegemea kama nusu saa.

Kama bado, aombe dawa ya kuzuia kutapika na aimeze KABLA ya olaparib. Wengi huisubiri mpaka kichefuchefu kipande, hapo wamechelewa. Metoklopramidi 10 mg nusu saa kabla ya dozi ndiyo huanzwa nayo, kwa siku chache tu. Shingo ikikakamaa, macho yakigeuka au akakosa utulivu, aache na arudi hospitali. Ondansetroni 8 mg nayo inafanya kazi, ila inafunga choo. Kwa saratani hii choo kufunga si jambo dogo: tumbo likijaa, hatoi hata upepo na anatapika, hiyo ni dharura ya utumbo kuziba. Msimpe dawa ya kufungua choo, mpelekeni usiku huohuo.

Akitapika baada ya kumeza, asirudie. Akisahau dozi, asubiri inayofuata, asimeze mara mbili kufidia. Kwa wengi kichefuchefu hulegea baada ya mwezi wa kwanza au wa pili, mpeni moyo.

Ladha ya chuma: asukutue kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu kabla ya kula, atumie kijiko cha mti au cha plastiki. Dagaa wakaangwe mbali na alipo. Sato wa mchemsho aliyepoa wengi humvumilia, kwa sababu chakula cha baridi hakitoi harufu kali.

Buzuruga_Dada

Mpeni juisi ya rozela na vidonge vya kuongeza damu, HB itapanda yenyewe.

Maabara_Ilemela

Dada Buzuruga, nia ni njema, lakini hapa chanzo ni kingine. Olaparib huzuia protini za PARP ambazo seli hutumia kurekebisha DNA iliyovunjika. Seli za saratani hufa kwa sababu hiyo, ila uboho wa mifupa nao hugawanya seli kila siku, kwa hiyo unaguswa. Damu inashuka kwa kuwa kiwanda kimepunguza kasi. Chuma kinasaidia pale tu chuma kinapokuwa kimepungua kweli, na hilo linajulikana kwa kipimo cha feritini (akiba ya chuma mwilini). Vidonge vya chuma bila sababu vitamwongezea kichefuchefu ambacho tayari kinamsumbua, na kufunga choo.

Hata hivyo mtu wa visiwani asihukumiwe haraka kwamba ni dawa tu. Malaria, minyoo ya safura na kichocho vyote hushusha damu kando ya ziwa hili. Kwa HB hiyo ningeomba kipimo cha malaria, choo, mkojo na feritini, pamoja na vitamini B12 na foliki ikiwezekana. Vikiwa safi, ndipo lawama iende kwa dawa.

Namba za kushika: HB ikiwa chini ya 8, olaparib husimamishwa kwa muda, na damu ikipanda hurudishwa, mara nyingi kwa dozi ndogo. Ikifika chini ya 7, au akihema kwa kutembea hatua chache, moyo ukienda mbio au kifua kikimuuma, kuongezewa damu huzungumzwa hapo. Kwa 8.6 yuko juu ya mstari lakini si mbali. Mimi ningerudia FBP ndani ya wiki moja, sio mwezi. Kwa kawaida kipimo ni kila mwezi kwa miezi 12 ya mwanzo. Chembe nyeupe na chembe sahani zake bado zinatosha.

Damu isipopanda baada ya wiki 4 za kusimamisha dawa, apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya damu kuchunguza uboho. Ni nadra, lakini dawa za kundi hili zinaweza kuleta ugonjwa wa uboho na hata saratani ya damu. Msiliache likapita kimya.

Kreatini (kipimo cha damu cha kuangalia figo) ikipanda kidogo msishtuke: dawa hii inazuia njia ambayo figo hutumia kuitoa kreatini mwilini, bila figo kuumia. Daktari bado aione, maana figo zikiwa dhaifu kweli dozi hubadilika.

Mfamasia_Nyegezi

Niongeze upande wa dawa nyingine, maana hapa watu wengi huteleza.

Olaparib huvunjwavunjwa na ini. Kuna dawa zinazolifunga mlango ini, olaparib ikajaa mwilini na HB ikaporomoka: flukonazoli ya fangasi wa mdomoni, itrakonazoli, klarithromaisini, erithromaisini, na dawa za VVU zenye ritonavir. Nyingine hufanya kinyume. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza olaparib mwilini kwa takriban asilimia 87, mgonjwa akabaki anameza vidonge visivyo na kazi. Karbamazepini na fenitoini za kifafa nazo zimo. Kwa hiyo kikohozi kikidumu apimwe makohozi mapema, na picha ya kifua ipigwe, kwa sababu olaparib yenyewe inaweza kuvimbisha mapafu. Kikohozi kikavu kipya na pumzi kukata: asimamishe dozi na aende hospitali.

Septrini (antibayotiki) nayo itajwe kwa daktari, inaweza kubana uboho zaidi. Mitishamba ya kuchemsha aiache yote wakati huu, hakuna anayejua inafanya nini na dawa hii. Matunda: asile balungi wala danzi, na juisi zake pia. Machungwa ya kawaida, maembe na papai hayana shida.

Vidonge vimezwe vizima, visikatwe wala kusagwa. Dozi ikishushwa hadi 250, itakuwa kidonge kimoja cha 150 na kimoja cha 100 kila mara, kwa hiyo ulizieni kama vya 100 vipo kabla ya kuondoka mjini, msije mkafika Nansio ndipo mkagundua. Someni maandishi, msiamini rangi. Vikae kwenye chombo chake, chini ya nyuzi 30. Kwenye kivuko viwe kwenye mkoba mlio nao, si kwenye mzigo unaopigwa jua.

Mlezi_Nansio

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nitapiga simu asubuhi. Swali moja: akipata homa usiku na kivuko hakipo?

Nesi_Kirumba

Nunueni kipimajoto leo. Ikifika 38 au zaidi aende hospitali ya wilaya hapo hapo Nansio, asisubiri Mwanza. Waambieni kwa sauti: yuko kwenye dawa ya saratani inayoshusha chembe nyeupe. Waombeni mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) na FBP saa hiyohiyo. Malaria ikionekana, FBP ifanywe vilevile, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kusoma chanya wiki kadhaa baada ya malaria kupona na maambukizi mengine yakajificha nyuma yake. Panadoli isitangulie kipimajoto, inaficha homa.

Bandikeni karatasi mlangoni: jina la dawa, dozi, tarehe alipoanza, HB ya mwisho, simu ya kliniki. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au damu ikitoka bila kukoma, safari ni ileile.