Tangazo la mhasibu: nitoe lipi kati ya haya mawili?

Duka_la_Bati: Wakuu, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Mhasibu wangu kaolewa, kahamia Tabora. Tangazo la mwezi jana lilileta barua pepe mia na kitu, wa kumwita hakuna. Sasa nina mawili:

A: "Kampuni inayokua kwa kasi inatafuta Mhasibu mchapakazi, anayejituma, awezaye kufanya kazi chini ya shinikizo. Awe na CPA, uzoefu wa miaka 5, umri 23–28. Mshahara mnono."

B: "Anatafutwa mtunza hesabu, duka la vifaa vya ujenzi, Mwanza. Kuingiza mauzo na manunuzi, kulinganisha ripoti ya EFD (mashine ya risiti) na fedha taslimu kila jioni, kufuatilia wadaiwa, kuandaa ritani ya VAT. Diploma ya uhasibu inatosha. Jumatatu–Jumamosi, saa 2 asubuhi–saa 1 usiku. Laki 6."

A lina heshima. B naona kama natangaza kibanda.

Chausiku: CPA, cheti cha bodi ya wahasibu, uzoefu miaka 5, umri 23? Huyo alikuwa anafunga hesabu akiwa kidato cha nne 😂 Halafu futa hiyo ya umri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa umri, na mwombaji kazi naye analindwa.

mhasibu_mtaani: Mimi ndiye mwombaji, nikwambie tunavyosoma. "Mshahara mnono" maana yake laki tatu na nusu, tena ikichelewa. Mwenye kazi yake haachi kazi kwa neno hilo. Anayetuma ni yule anayetuma kila mahali. Ndiyo mia zako hizo. Hata matangazo ya serikali huandika ngazi ya mshahara, kama TGS D, mtu anajua anaingia wapi. B.

Duka_la_Bati: Nikiandika laki 6 mtunza stoo wangu ataiona. Yeye ana 4.

mhasibu_mtaani: Mhasibu mpya ndiye atakayeandaa malipo ya mishahara, mkuu. Siri gani hapo? Hilo kamalizane na stoo kabla ya tangazo.

Bi_Mkaguzi: B, ila piga hesabu ya saa. Saa 2 hadi saa 1 usiku, toa saa moja ya chakula, ni saa 10. Mara siku 6, saa 60. Kawaida ya sheria ni 45 kwa wiki. Zilizobaki 15 ni ovataimu, moja na nusu ya malipo ya kawaida, na kwa wiki nne zinafika 60 wakati kikomo ni 50. Anayejua kazi atayaona hayo kabla ya mshahara.

Chausiku: Ongeza na swali: "Kwenye barua yako taja ritani ya VAT huwasilishwa tarehe ngapi." Asiyeandika 20, usifungue hata CV.

Duka_la_Bati: Hilo swali nimelipenda. Basi B: saa 2 hadi 11 jioni, Jumamosi mwisho saa 7 mchana. Ripoti ya Z ya jioni, ile ya jumla ya mauzo ya siku kwenye EFD, ataikuta mezani asubuhi. Ila Jumamosi mchana ndipo mafundi wanapolipwa na foleni inafika barabarani, sijui nani atakaa kaunta.

mhasibu_mtaani: Wewe, mkuu. Halafu tangazo lipeleke kwenye magrupu ya waliomaliza vyuo vya uhasibu na biashara, TIA na CBE, hapo hapo Mwanza. Na laki 6 ni kabla ya makato au mkononi? Andika.