Kitabu cha mama mkwe kinamtisha mwanangu, nifanyeje?

Mama Nasri: Wapendwa, hamjambo? Nimeolewa Ujerumani. Mama mkwe kamletea mwanangu wa miaka minne kitabu alichosomewa yeye utotoni, Struwwelpeter, mashairi na picha. Humo Konrad ananyonya kidole gumba. Mama akitoka tu, fundi cherehani anaingia mbio na mkasi, anakata vidole gumba vyote viwili. Paulinchen anachezea kiberiti, anaungua hadi panabaki majivu na viatu. Kaspar anagomea supu, siku ya tano anazikwa. Na mwanangu ananyonya kidole! Sasa kila usiku anauliza kama mlango umefungwa.

Ila kinachoniuma ni ile ya wavulana watatu wanaomcheka mtoto mweusi. Nikolas anawachovya kwenye wino, wanatoka weusi kumshinda. Bibi anasema hadithi ni nzuri, inakataza kudharau watu. Mie roho imegoma. Nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Kitonga: Dada, sisi zimwi lilimeza kijiji kizima ndio tukalala. Mbona tumekua?

Mwalimu Mstaafu: Kitonga, zimwi halikuwa na picha ya kidole kinachochuruzika damu.

Mama Nasri, mwandishi ni Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt. Krismasi ya 1844 alimtafutia mwanawe wa miaka mitatu kitabu, akakuta madukani mawaidha matupu. Akanunua daftari, akaandika na kuchora mwenyewe, 1845 kikachapwa. Alitia chumvi makusudi, watoto wacheke, na wapo wanaocheka kweli. Wako hacheki, basi.

Kwenye wino, bibi ana nusu ya haki. Kwa wakati ule, kumtetea mtoto mweusi halikuwa jambo dogo. Lakini tazama adhabu yenyewe: kufanywa mweusi. Mtoto mwenye rangi ya mama yake ataelewa nini hapo? Muulize bibi hilo, kwa upole, kisha nyamaza umpe nafasi ajibu.

Binti Pangani: Kwa nini aulize yeye? Mume ndiye aseme na mamake. Mkwe akisema, huitwa mjeuri.

Mama Nasri: Mume naye alilelewa nacho, anakiona kichekesho. Ya mkasi kakubali isisomwe. Ya wino anasema nakuza mambo.

Binti Pangani: Basi mkalishe, mtazame ile picha pamoja, mtoto akiwa pembeni yake. Halafu aseme tena kuwa unakuza.

Mwalimu Mstaafu: Kitabu kisichomwe wala kufichwa, ni kumbukumbu ya bibi. Kirudi kwake, mtoto akisome akiwa mkubwa, nawe ukiwepo. Na kidole mwache, wengi huacha wenyewe.

Mama Nasri: Asanteni. Jumamosi tunakwenda kwake. Kitabu nakibeba mimi au mume?

Binti Pangani: Mume. Wewe beba keki.