Mshale wa joto umeganda katikati: je, geji imekufa?

Swali
Ndugu zangu, gari langu la zamani lina geji ya presha ya oili, geji ya chaji na mshale wa joto unaopanda nikikwea mlima na kushuka nikiteremka. Hili jipya, mshale wake wa joto ukishafika katikati hausogei tena, uwe mlimani au kwenye foleni, na mahali pa geji ya oili pana taa tu. Je, geji imekufa?

Jibu la 1
Haijafa. Katika magari ya zamani, waya wa sensa ulikwenda moja kwa moja kwenye geji, kwa hiyo mshale ulifuata kila badiliko la joto. Katika mengi ya sasa, taarifa hupitia kwanza kwenye kompyuta, nayo imepangwa kuuacha mshale katikati maadamu joto limo katika kiwango salama, tuseme kati ya nyuzi 80 na 105 hivi, ili dereva asihangaike bure. Mimi sipendezwi na wema huo, kwa sababu siku mshale utakapoanza kupanda, utakuwa umebakiwa na muda mfupi sana wa kuzima injini. Ukitaka joto halisi, chomeka kifaa cha kusomea kompyuta kwenye soketi iliyo chini ya usukani, ambayo Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996.

Jibu la 2
Naunga mkono, ila geji za zamani nazo zisiabudiwe. Mpira wa rejeta ulinipasukia njiani, na mshale, badala ya kupanda, ukashuka upande wa baridi. Nikafurahi, kumbe maji yalikuwa yamekwisha na sensa haikuwa na cha kupima. Mvuke wa kwenye boneti ndio ulionifumbua macho. Ninachokililia ni geji ya oili: ilionyesha presha ikipungua kidogo kidogo, ilhali taa huwaka presha ikiwa karibu imekwisha. Ikiwaka, zima injini hapo hapo.

Muuliza swali
Ahsanteni. Nimechomeka kifaa leo: barabarani nyuzi 87, na baada ya dakika kumi za foleni 101, kisha feni ikawaka na joto likarudi 94. Muda wote huo mshale haukutikisika.