Karakana imenipandishia CC za pikapu, imeua injini, sasa inakana dhamana

Wakuu, naombeni mnisome hadi mwisho. Nina Chevrolet C10 ya mwaka 1979 hapa Texas, yenye V8 ya inchi za ujazo 350, yaani takriban CC 5,730, ninayoitumia kuvuta trela. Karakana moja, ambayo siitaji jina kwa kuwa madai yangu hayajaisha, ilinishawishi tuipandishe hadi inchi 383, sawa na CC 6,270 hivi. Kazi hiyo si ya kubahatisha, kwani mafundi wa Marekani wameifanya kwa miongo mingi: silinda huchongwa kutoka milimita 101.6 hadi 102.4, na mwendo wa pistoni hurefushwa kutoka milimita 88.4 hadi 95.25, ambao ndio mwendo wa krenkshafti (mhimili unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko) ya injini ya inchi 400 ya kampuni hiyo hiyo. Ikifungwa sawasawa, huvuta kwa nguvu tangu mizunguko ya chini, na mwenye trela hahitaji zaidi ya hapo.

Sasa tazameni nilichopewa. Tangu siku ya kwanza injini ilitetemeka hadi usukani ukacheza gari likiwa limesimama, na nilipolalamika nikajibiwa kwamba injini mpya lazima izoee. Izoee nini? Krenkshafti waliyoifunga, kwa mujibu wa karatasi iliyokuja nayo ndani ya boksi, ni ya aina inayosawazishwa kwa nje, maana yake ni kwamba sehemu ya uzito wa kuisawazisha hukaa kwenye dampa ya mbele (gurudumu la kupunguza mtetemo kwenye ncha ya krenkshafti) na kwenye bamba la nyuma linaloshikana na giaboksi. Wao wamenirudishia dampa na bamba langu la zamani la 350, ambavyo havina uzito huo hata chembe, na bado kwenye risiti wameniandikia malipo ya usawazishaji.

Fundi mwingine alipofungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, beringi za krenki zilikuwa zimelika hadi shaba inaonekana. Ubaya zaidi ulikuwa kwenye ukingo wa chini wa bloku, ambako kulikuwa na mikwaruzo inayong'aa mahali ambapo boliti za konrodi, yaani mikono inayounganisha pistoni na krenkshafti, zilikuwa zikipita na kugusa. Mwendo ukirefushwa, konrodi huzunguka ikiwa imetoka nje zaidi kwa karibu milimita 3.4, ndiyo maana bloku husagwa hapo kwanza, kisha injini huzungushwa kwa mkono, pole pole, fundi akipima nafasi kila upande, ikiwemo ile ya kati ya konrodi na kemshafti (mhimili unaofungua vali), ambayo kwa kawaida haitakiwi kupungua milimita 1.3 hivi. Bloku yangu haijaguswa na jiwe la kusagia. Rangi ya kiwandani bado ipo!

Habari ya hedi nitaipitia haraka: waliniuzia hedi (vifuniko vya juu ya silinda) za chuma zenye vyumba vidogo vya kuchomea mafuta, wakaweka na pistoni bapa, mgandamizo ukapita kumi kwa moja, halafu wakaniambia niendelee kuweka petroli ya kawaida ya oktani 87. Kila nikipanda mlima na trela, injini iligonga, yaani petroli ililipuka ndani ya silinda isivyotakiwa kwa kuwa oktani haikutosha mgandamizo huo.

Jibu lao la dhamana ndilo lililonichosha kabisa. Wanasema nimeizidishia mzigo, ilhali walijua tangu mwanzo, na wameandika kwa mkono wao, kwamba injini ni ya kuvutia trela. Wanasema pia kwamba kwa kuwa fundi mwingine amefungua sampu, dhamana imekufa, kana kwamba kufungua sampu ndiko kulikokwangua beringi.

Ninadai fedha zote za uchongaji na ufungaji, pamoja na bei ya krenkshafti, kwa sababu shingo zake, yaani sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, zimechimbika. Mahakama ya madai madogo hapa Texas husikiliza madai yasiyozidi dola 20,000, na yangu hayafiki huko. Aliyewahi kuishtaki karakana katika mahakama hiyo anijuze: je, picha za beringi na bloku zilitosha, au hakimu alitaka fundi aliyefungua injini afike mwenyewe kutoa ushahidi?