"Mannenberg" ni ya Abdullah Ibrahim, au ya waliobaki wakaipuliza?

MLETA MADA
Wakuu, kila muziki wa jazi unapotajwa pamoja na ukombozi wa Afrika Kusini, sifa zote anabebeshwa mtu mmoja: Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa Cape Town ambaye zamani alijulikana kama Dollar Brand. Mimi nasema sifa hizo zimeegemea upande mmoja.

Chukueni "Mannenberg", wimbo alioutunga yeye, uliorekodiwa Cape Town mwaka 1974. Ni wa ala tupu, unakwenda zaidi ya dakika 13, na hakuna beti hata moja la siasa. Siasa imo kwenye jina: Manenberg ni kitongoji walikopelekwa baadhi ya watu waliofukuzwa District Six, mtaa wa katikati ya Cape Town, baada ya makaburu kuitangaza mwaka 1966 kuwa eneo la Wazungu. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa kwa nguvu.

Sasa sikilizeni. Piano inaanza, sawa, na ule mlio wa kibatibati unaotokana na pini zilizochomekwa kwenye nyundo zake. Lakini mambo yanakolea Basil Coetzee anapoingia na saksafoni. Jina la utani la "Manenberg" alipewa nani? Coetzee, si mpiga piano. Na miaka ya 1980, mtunzi akiwa New York, Coetzee na mpuliza saksafoni mwenzake Robbie Jansen ndio walioupiga wimbo huo kwenye mikutano ya hadhara ya kupinga ubaguzi, nchi ikiwa chini ya hali ya hatari. Mwanaharakati ni yupi hapo?

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, unampunja. Unamsema kana kwamba alikwenda New York kutalii! Mwaka 1976, baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto kukandamizwa kwa risasi, aliandaa onyesho la kuichangia ANC, chama kilichopigwa marufuku tangu 1960. Baada ya hapo ulitaka abaki asubiri kubishiwa hodi usiku? Aliondoka na familia yake, mkewe Sathima Bea Benjamin akiwa naye ni mwimbaji wa jazi.

Hiyo saksafoni unayoisifia imelalia juu ya nini? Juu ya ule mzunguko wa marabi, muziki wa zamani wa dansi wa vitongoji vya Afrika Kusini, ambao mpiga piano anaurudia mpaka unamwingia mtu miguuni. Ukiutoa, Coetzee anapuliza hewani. Halafu mbona Hugh Masekela, mpiga tarumbeta, humgusi? Yeye, Ibrahim, Jonas Gwangwa wa tromboni na Kippie Moeketsi wa saksafoni walikuwa kundi moja, Jazz Epistles, 1959 na 1960. Polisi walipowaua waandamanaji 69 Sharpeville mwaka 1960, kundi likasambaratika. Wengi wao walivuka mpaka.

MCHANGIAJI WA PILI
Mnashindana kubaki na kuondoka kama vile kubaki kulikuwa na malipo. Kippie alibaki, na wenzake walimhesabu kuwa fundi kuliko wote. Alifariki 1983 akiwa fukara. Gwangwa aliondoka, akaja kuongoza Amandla, kundi la utamaduni la ANC, likazunguka dunia kuitangaza kazi ya chama. Mleta mada atuambie: huyo naye alikimbia?

MLETA MADA
Gwangwa sina neno naye, kazi ya chama ndiyo ilikuwa kazi yake. Wala sibishi kwamba utunzi ni wa Ibrahim, na mwaka 1994 alipopiga kwenye sherehe za kuapishwa Mandela alistahili kabisa.

Ninachobisha ni nani aliyeufanya wimbo huu kuwa wa mapambano. Santuri ilipotoka, Rashid Vally aliyeigharamia aliipiga kwa spika nje ya duka lake Johannesburg, na watu wakainunua kwa sababu inachezeka. UDF, muungano wa vyama na vikundi vya kupinga ubaguzi ulioandaa mikutano ya aina hiyo, ilizaliwa 1983, hapo hapo Cape Town. Katikati kuna miaka tisa, na mtunzi sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuwepo.

Nasi tusijifanye wageni wa jambo hili. Kwenye bendi zetu za dansi jina la mwimbaji linadumu, mpiga besi hata mashabiki hawamjui. Morris Goldberg, Paul Michaels na Monty Weber nao walikuwemo studio siku ile. Humu ndani nani aliwahi kuwasikia?

Mwenye ushahidi wa mkutano hata mmoja wa UDF ambao mpiga piano wenu alikuwa jukwaani, auweke hapa.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mtu yuko uhamishoni, unamdai mahudhurio?