Mtoto wa miaka 12 anaruka skii, goti linamuuma, kiangazi hiki aendelee na kilima cha plastiki au apumzike?

MamaDogo
Habari zenu wote, naomba ushauri kwa wazoefu wa kuruka kwa skii. Kijana wangu ana miaka 12, msimu uliopita alikuwa anaruka kilima cha K40, yaani cha miruko ya kama mita 40, vizuri tu, theluji ilipoisha nikajua tunapumzika kumbe ndo kwanza kazi inaanza, kocha katupa ratiba ya kiangazi mara nne kwa wiki, skwati, kuruka viunzi, trampolini, halafu siku mbili kilima cha plastiki. Sasa tangu baridi mpaka leo karefuka sentimita 6, suti imeishia juu ya kifundo cha mguu, na analalamika maumivu chini ya goti, pale kwenye kifupa kinachotokeza mbele, akishuka ngazi anashika ukuta. La pili, juzi kasukuma sahani nusu ya chakula kakiacha, kumuuliza akanambia "mama, mrukaji lazima awe mwepesi". Niliishiwa nguvu. Na hiyo plastiki yenyewe sijaielewa, kweli inafanana na theluji? Asanteni.

MrukajiMstaafu
Pole dada. Plastiki isikutishe, si kitu cha jana, ilianzia Oberhof huko Ujerumani Mashariki mwaka 1954, kocha mmoja anaitwa Hans Renner ndo aliyeitengeneza, na tangu 1994 wakubwa wana mashindano yao ya Grand Prix ya kiangazi juu ya hiyohiyo plastiki. Ukisogea karibu utaona ni nyuzi ndefu zimelazwa tabaka juu ya tabaka kama makuti ya paa, wanazimwagia maji kwanza ndo skii iteleze. Kule juu kwenye njia ya kushukia hakuna nyuzi, skii zinapita kwenye mifereji miwili, mingi siku hizi ya kauri, nayo inaloweshwa. Hewani hakuna tofauti kabisa, upepo ni uleule. Tofauti unaisikia ukianguka, theluji inakupokea lakini plastiki inachubua, hasa ikiwa imekauka, kwahiyo glavu lazima na chini ya suti avae nguo ya mikono mirefu. Mi nina alama kwenye kiwiko mpaka leo sababu siku moja nilipanda bila kusubiri maji yafunguliwe. Ah na skii mpya msipeleke huko, zinakwanguka chini, tumieni za zamani.

Mpenda_Milima
Mi ningemtoa kabisa hadi theluji irudi, acheze mpira, aogelee, basi. Miaka 12 bado mdogo jamani.

Kocha_wa_Madogo
Mpenda Milima nakuelewa, na mpira na kuogelea viwepo kweli, ila kumtoa kabisa hapana, nitaeleza kwa nini.

Dada, kwanza goti. Hayo maumivu ulivyoyaeleza nayaona sana kwa watoto wanaorefuka haraka, mara nyingi ni Osgood-Schlatter, ile kano ya goti inavuta pale iliposhikana na mfupa wa muundi ambao bado unakua. Mpeleke daktari athibitishe, usituamini sisi wa mtandaoni. Likiwa ndo lenyewe huwa linaisha lenyewe akimaliza kukua, ila kwa sasa viunzi na skwati za kuruka zipunguzwe sana au zisimame, na kocha wake aambiwe leo, sio baada ya wiki mbili. Watoto wanaficha maumivu wakiogopa kuachwa.

Sasa kwa nini asitoke kabisa. Pale kwenye ukingo wa kurukia ana kama sekunde 0.3 tu za kujisukuma, hapo hakuna kufikiri, mwili ndo unajua. Akirefuka sentimita 6 ule mwili uliokuwa unajua haupo tena, ana miguu mipya. Kiangazi ndo wakati wa kuufundisha upya, na kwa hilo mi naamini zoezi la kuiga mruko kuliko chuma chochote. Dogo anapanda kwenye boksi, anachuchumaa, mgongo umelala, mikono nyuma, muundi umeinama mbele, anajifyatua mi namdaka kiunoni namnyanyua juu ya kichwa changu akiwa kanyooka. Mikono yangu inasikia kila kitu, akisukuma kwa vidole badala ya unyayo mzima najua, akiinua kifua mapema ananijia wima kama nguzo. Na hatui kwa kishindo, namshusha polepole. Mara nane au kumi zenye akili zinatosha, akichoka tunaacha.

Plastiki akirudi asianzie K40. Ashuke K20, hata akinuna.

BabaMapacha
Mi naongelea chakula tu maana kwetu limetupata, kwa binti. Hilo dada usilipuuze hata siku moja. Mwambie kijana hivi: kanuni za FIS, lile shirikisho la kimataifa la skii, zilibadilishwa tangu 2004 kwasababu warukaji walikuwa wanakonda kupita kiasi, urefu wa skii unapimwa kwa urefu wako pamoja na uzito wako, ukiwa mwepesi mno unakatiwa skii fupi, na skii fupi hewani zinakubeba kidogo. Kwahiyo anayejinyima chakula anaweza kujinyima na skii zake. Binti yangu hilo ndo lilimwingia, maneno ya afya tuliyomwambia mwezi mzima hayakufanya kitu. Ila nenda pia kwa kocha umuulize kama kuna mtu anawapima watoto uzito mbele ya wenzao, kwetu ndo ilianzia hapo, tukaomba mizani iondolewe na ikaondolewa.

MamaDogo
Nimerudi. Daktari kathibitisha ni hiyo Osgood-Schlatter, viunzi vimesimama wiki sita, kocha wake kakubali bila ubishi. Baba Mapacha, ile ya skii nilimwambia tukiwa mezani, akanyamaza, akauliza "zinakatwa kiasi gani?", baadae akaongeza chakula mwenyewe. Jana wamefanya zoezi la kudakwa, kakasirika kidogo kuhusu K20 lakini anaenda. Kocha, swali moja la mwisho, suti mpya nimnunulie sasa au nisubiri, maana naona bado anarefuka?

Kocha_wa_Madogo
Subiri dada. Kwa K20 mwazime ya mwenzake aliyemzidi kidogo, mpya tafuta theluji ikikaribia.