The Invisible Library: hawa wakutubi wanaokoa dunia au ni wezi tu wa vitabu?

Mpenzi wa Riwaya:
Wakuu habarini. Nimemaliza The Invisible Library ya Genevieve Cogman, ile ya dada Irene anatumwa na Maktaba, ile ya siri inayokusanya vitabu vya dunia mbalimbali, yeye na mwanafunzi wake Kai mpaka London ya dunia nyingine, kuna wanyonya damu, kuna zepelini angani, wakachukue nakala moja ya hadithi za ndugu Grimm. Nimeipenda mno, ila kitu kimoja kinanikera, wanatafuta kabisa kile kitabu ambacho hakipatikani dunia nyingine yoyote halafu wanakibeba kinaenda kukaa kwao, sasa huo si wizi? Halafu niendelee na vinavyofuata au hadithi inapoa? Msinimalizie utamu tafadhali, nimesoma cha kwanza tu.

Binti Shelfu:
Wizi ni wizi mkuu, tusiupake rangi. Lakini angalia kwa nini wanaiba. Zile dunia zote ziko katikati ya utaratibu na vurugu, majoka wanavutia upande wa utaratibu na Fae, wale viumbe wa kichawi, wanavutia upande wa vurugu, na ikizidi upande wowote binadamu wa kawaida ndo anaumia. Kitabu kikishaingia Maktaba kinaifunga ile dunia na Maktaba, inatulia, haivutwi hovyo. Mimi kwa sababu hiyo nawaelewa kabisa.

Kaka wa Zamu:
@Binti Shelfu hapo sikubaliani na wewe dada. Wenye dunia yao wameulizwa lini? Anakuja mtu na jina la uongo, anachukua kitu chenu cha pekee, halafu eti ni kwa faida yenu. Na ndo maana nampenda Irene, maana yeye ni mtiifu kwa Maktaba tangu utotoni lakini kadiri vitabu vinavyoenda anaanza kuwahoji wakubwa zake, na kile cha mwisho, The Untold Story cha 2021, kinaingia humo humo. Siongezi neno.

Mama Kurasa:
Mwanangu endelea, viko 8 na vimeisha, hakuna kusubiri. Haipoi kwa sababu kila kitabu kina dunia yake, cha pili uko Venice, cha nne New York ya enzi pombe imepigwa marufuku, cha tano Paris. Mimi kinachonishika zaidi ni ile Lugha ya wakutubi, Irene akiamuru kufuli zifunguke zinafunguka kufuli zote zilizomsikia, hata zile asizozitaka, na akiitumia sana anabaki hoi kichwa kinamgonga. Kwa hiyo kila mara lazima afikirie kwanza anasema nini. Ila usiruke hata kimoja, kisa cha Alberich, yule mkutubi aliyeisaliti Maktaba, kinatembea mpaka mbali na ukiruka utapotea.

Mpenzi wa Riwaya:
Shukrani sana mama, na nyie wengine pia. Cha pili naanza leo usiku. Ila @Binti Shelfu kwenye wizi bado hujanishawishi, nikifika cha tatu narudi hapa tuendelee.